Kano za Uti wa Mgongo Zinapogeuka Mfupa

Katika kazi ya mionzi, ambayo nimeifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu mkoani Arusha, ni maneno machache ya ripoti yanayowatisha watu wazima kama yale yanayosema kwamba kano za uti wa mgongo zimegeuka mfupa. Mtu alikuja kupigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi, au ya shingo baada ya kuanguka na bodaboda, na sasa anaondoka na karatasi inayomwambia kwamba mgongoni mwake kuna mfupa mahali pasipostahili kuwa na mfupa. Wengine hurudi kesho yake wakiwa wamekwisha kusoma habari za kupooza. Wengine, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, huikunja karatasi na kuitia kwenye droo kwa kuwa hawasikii maumivu yoyote. Ninawaandikia wote, kwa sababu ukubwa wa mfupa huo na ukali wa maumivu haviendi pamoja, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kumwambia mtu kama yuko hatarini. Kinachoamua ni nafasi iliyobaki kwa ugwe wa neva unaopita katikati ya pingili, pamoja na jinsi mikono na miguu inavyofanya kazi zake za kila siku. Mimi si daktari, na hakuna ninachokiandika hapa kinachochukua nafasi ya daktari. Nimeziona picha nyingi tu, na nimesoma ili nielewe nilichokuwa nikikiona.

Uti wa mgongo hushikiliwa na kano kadhaa, lakini kwa habari hii tatu zinatosha. Ya kwanza inateremka mbele ya pingili, upande wa kifua na tumbo, kuanzia chini ya fuvu hadi kwenye nyonga. Ya pili inateremka nyuma ya pingili hizo hizo, lakini yenyewe imo ndani ya mfereji, karibu kabisa na utando unaoufunika ugwe wa neva. Ya tatu ni kano ya manjano, iliyo vipande vifupi vinavyounganisha matao ya nyuma ya pingili moja na ya pingili inayofuata, nayo huuziba mfereji kwa upande wa mgongoni. Zote ni nyuzi imara zinazokubali mwili upinde na kunyooka. Chembe za kano zinapoanza kufanya kazi isiyo yao, kwanza hutokea gegedu, kisha madini ya kalsiamu hujipanga ndani yake, na mwishowe hupatikana mfupa kamili ambao unaweza hata kuwa na uboho. Kwa hiyo hatuzungumzii chokaa iliyoganda ikatulia, bali mfupa ulio hai, na ndiyo sababu unaweza kuendelea kukua taratibu kwa miaka mingi.

Mfupa unaoota kwenye kano ya mbele huelekea mahali penye nafasi. Unaoota kwenye kano ya nyuma, au kwenye ile ya manjano, huelekea kwenye ugwe. Tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kuitafuta kwenye ripoti, kabla ya kutazama neno jingine lolote, kwa maana watu wawili wanaweza kuambiwa kwa mdomo kwamba kano zao zimekuwa mfupa ilhali mmoja ataishi na hali hiyo hadi uzeeni bila kuijali na mwenzake anahitaji kuonana na daktari wa upasuaji wa neva bila kukawia.

Nianze na ile ya mbele, ambayo ndiyo tunayokutana nayo mara nyingi zaidi. Mwaka 1950 daktari Mfaransa Jacques Forestier, aliyefanya kazi katika mji wa Aix-les-Bains, pamoja na mwenzake Mkatalani Jaume Rotés-Querol, walieleza ugonjwa wa wazee ambao uti wa mgongo hukakamaa kwa mfupa mpya bila kuwapo uvimbe wa viungo uliozoeleka katika baridi yabisi. Hadi leo wengi huuita ugonjwa wa Forestier. Mwaka 1976 Donald Resnick na Gen Niwayama waliweka masharti ya kuutambua kwenye picha, na masharti hayo bado yanatumika: mfupa uwe umetiririka mbele ya pingili zisizopungua nne zinazofuatana, diski zilizo kati ya pingili hizo ziwe zimehifadhi unene wake kwa kiasi kizuri, na viungo vinavyounganisha nyonga na uti wa mgongo viwe havijaungana. Kwenye eksirei ya ubavuni, mfupa huo huonekana kama nta iliyotiririka kandokando ya mshumaa. Sharti la tatu lipo ili kuutenganisha na ugonjwa mwingine unaogandisha mgongo, ule unaotokana na mwili kujishambulia wenyewe, ambao huanza ujanani, huleta ukakamavu wa asubuhi unaopungua mtu akijishughulisha, na huanzia hasa kwenye viungo hivyo vya nyonga. Ugonjwa huo huandamana sana na alama ya urithi iitwayo HLA-B27, ambayo ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kwa hiyo mzee wa huku mwenye mgongo ulioganda ana sababu zaidi ya kufikiriwa ugonjwa wa Forestier kwanza.

Jambo moja kuhusu ugonjwa huu halijawahi kuacha kunishangaza. Katika eneo la kifua, mfupa mpya huota zaidi upande wa kulia wa pingili, na upande wa kushoto mara nyingi hubaki msafi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba upande wa kushoto ndiko unakopita mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, na mapigo yake yasiyokoma huuzuia mfupa usijijenge. Ushahidi wake umetoka kwa watu wachache waliozaliwa na viungo vya ndani vilivyopinduka pande, moyo ukiwa kulia: kwao mfupa huo umeonekana kuota kushoto. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilirudi kuzitazama picha kwa macho mapya, na tangu hapo kila picha ya kifua cha mzee naanza kwa kutazama ukingo wa kulia wa pingili.

Ugonjwa huu si wa zama zetu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Farao Ramesses II alikuwa na ule ugonjwa wa mwili kujishambulia, lakini uchunguzi wa CT scan wa maiti zilizokaushwa za wafalme wa Misri, uliochapishwa na Sahar Saleem na Zahi Hawass mwaka 2014, haukuona dalili zake, bali uliona ugonjwa wa Forestier kwa baadhi yao, Ramesses II na Ramesses III wakiwamo. Kule Uingereza, mifupa ya watawa wa kiume waliozikwa katika monasteri ya Merton, kusini mwa London, ilionyesha hali hiyo kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1985 mtafiti Tony Waldron aliuliza kama maisha ya utawa yenye chakula kingi hayakuwa sababu. Wafalme na watawa, kwa maneno mengine watu walioshiba na kuishi miaka mingi. Leo ugonjwa huu huandamana na umri mkubwa, jinsia ya kiume, unene na kisukari cha ukubwani, na kwa jinsi kisukari kinavyoongezeka mijini mwetu sioni sababu ya picha hizi kupungua.

Wengi wenye ugonjwa wa Forestier hawahitaji zaidi ya kujua kwamba wanao, kufanya mazoezi ya kuulainisha mgongo, na kuushughulikia uzito na sukari. Hata hivyo kuna mambo mawili yasiyopaswa kupuuzwa. La kwanza ni mfupa wa shingoni unapokuwa mkubwa kiasi cha kulisukuma koo la chakula, ambapo mzee huanza kukwama kumeza ugali au nyama na hatimaye kubaki na uji. Familia huogopa saratani, jambo ambalo ni halali kulipima, lakini eksirei ya shingo ya ubavuni nayo ipigwe. La pili ni hatari zaidi. Mgongo ulioungana ukawa nguzo moja ndefu haupindi unapopata kishindo, bali huvunjika, na huweza kuvunjika kwa kuanguka kudogo kabisa, kama vile kuteleza bafuni au kukosa ngazi moja. Mvunjiko huo hauoneki vizuri kwenye eksirei ya kawaida, na mgonjwa ambaye amekuwa akilalamikia mgongo kwa miaka ishirini hupewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani. Mzee mwenye mgongo ulioganda akianguka na maumivu yake yakabadilika, apigwe CT scan, na akae amelazwa kwa mkao wake aliouzoea hata kama amepinda. Kumnyoosha kwa nguvu kitandani ili awe sawa kunaweza kuufungua mvunjiko na kuumiza ugwe.

Sasa nije kwenye kano ya nyuma, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu imeingia nyumbani kwetu.

Daktari Mwingereza aitwaye Aston Key, wa hospitali ya Guy's jijini London, aliandika mwaka 1838 kuhusu wagonjwa waliopooza kwa sababu kano iliyo ndani ya mfereji wa uti wa mgongo ilikuwa imenenepa na kugeuka mfupa. Habari hiyo ilisahaulika kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi Wajapani walipoiona tena mwaka 1960 katika uchunguzi wa maiti uliofanywa na Tsukimoto. Baada ya hapo wagonjwa waligunduliwa kwa wingi kiasi kwamba ukaitwa ugonjwa wa Kijapani, na mwaka 1975 serikali ya Japani iliunda kamati maalumu ya kuutafiti, nao ukaingizwa kwenye orodha ya magonjwa magumu ambayo mgonjwa wake husaidiwa gharama za matibabu na taifa. Kule, picha za shingo za watu wazima huonyesha hali hiyo kwa takriban asilimia 2 hadi 4. Kwa watu wa asili ya Ulaya kiwango kiko chini zaidi, lakini si sifuri. Jina la ugonjwa wa Kijapani limeleta madhara yake, kwa kuwa linamfanya mtu wa huku asiufikirie kabisa. Na usipoufikiria, eksirei ya shingo unaipita tu, maana mstari mwembamba wa mfupa nyuma ya pingili hujificha kwa urahisi kwenye vivuli vya viungo vya pembeni.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na wale waliomjua wanakumbuka kwamba alitunga uzi kwenye sindano akiwa anazungumza na mteja bila kuitazama. Alipovuka miaka sitini alianza kuwaachia vijana wake kazi ya vifungo. Tulidhani ni macho. Kisha mwandiko wake kwenye daftari la wateja ukaanza kutawanyika, na akawa anakosea tarakimu anapotuma pesa kwa simu, hata akamwita mjukuu amsaidie. Jambo alilolitaja yeye mwenyewe, tena kwa kicheko, ni kwamba ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa ikimvuka njiani naye akaendelea kutembea hatua kadhaa bila kujua. Shingo haikumuuma. Kwa kuwa ana kisukari, mahali alipokuwa akihudhuria kliniki walimwambia kwamba ganzi hiyo ni ya sukari, wakamwongezea vitamini.

Ganzi ya sukari ipo, tena ni ya kawaida sana, na simlaumu mtu kwa kuifikiria kwanza. Lakini ina tabia zake. Huanza kwenye nyayo, miguu yote miwili sawasawa, na kupanda polepole kama soksi, na kwa kawaida mikono huguswa baadaye, miguu ikiwa imekwisha kuathirika vya kutosha. Kisigino kikigongwa kwa nyundo ndogo ya daktari, mguu hauruki au huruka kwa ulegevu. Ugwe wa neva unapobanwa shingoni mambo huwa kinyume chake: mikono huwa mizito na isiyo na ustadi mapema, miguu hukakamaa badala ya kulegea, goti likigongwa huruka kupita kiasi, na mgonjwa hutembea akiwa ameitanua miguu kana kwamba yuko ndani ya boti. Baadhi husikia mshtuko kama wa umeme ukiteremka mgongoni wanapoinamisha kichwa. Baadaye, na hili ni la kuchelewa, mkojo huanza kusumbua. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, sukari na ugwe uliobanwa, na hapo ndipo nyundo ile ya bei ndogo inapokuwa na thamani kuliko mashine yangu.

Kipo kipimo kingine kisichohitaji kifaa chochote. Mwaka 1987 Keiro Ono na wenzake nchini Japani walieleza jinsi mkono wa mgonjwa wa ugwe unavyojitambulisha: mtu akiambiwa afumbe ngumi na kuifumbua kikamilifu haraka awezavyo, aliye mzima hufikisha mara 20 au zaidi katika sekunde 10, na vidole vyote hufunguka pamoja. Mwenye ugwe uliobanwa hushindwa kufikisha, na mara nyingi kidole kidogo na cha pete hubaki nyuma au hujitenga na vingine. Nilimwomba mjomba afanye hivyo sebuleni kwake siku ya Idi, watoto wakimhesabia kwa sauti wakidhani ni mchezo. "Mpwa wangu," aliniambia alipomaliza, "mkono huu umekuwa wa mtu mwingine." Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari bingwa.

MRI ilionyesha ugwe uliobanwa katikati ya shingo na alama nyeupe ndani yake, ishara ya ugwe kuumia, na CT scan ikaonyesha kilichoubana. Ninasisitiza vipimo vyote viwili kwa sababu kila kimoja kina upofu wake. MRI huuona ugwe vizuri lakini mfupa huonekana mweusi tu, na ni rahisi kuudhania kuwa ni diski iliyochomoza; CT scan huuonyesha mfupa wenyewe, umbo lake, na kama umeshikamana na utando wa ugwe. Madaktari huugawa katika aina nne: unaoendelea pingili baada ya pingili bila kukatika, ule ulio vipande nyuma ya kila pingili, mchanganyiko wa hizo mbili, na ule ulio mahali pamoja tu, hasa nyuma ya diski. Kwa mjomba ulikuwa mchanganyiko.

Hapo ndipo suala la nafasi linapokuwa suala la milimita. Ugwe wa neva shingoni una unene wa karibu milimita 8 kutoka mbele kwenda nyuma, na mfereji wa mtu mzima wa kawaida una karibu milimita 17, kwa hiyo Mungu ametuachia akiba. Shunji Matsunaga na wenzake wa Kagoshima, waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, waliona kwamba wote ambao nafasi ya ugwe ilikuwa imepungua chini ya milimita 6 walikuwa na dalili za ugwe kuumia, na waliobaki na milimita 14 au zaidi hawakuwa nazo. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna uwanja mpana wenye watu wa kila namna, na kilichowatofautisha kilikuwa mwendo: shingo ambayo bado inacheza sana juu ya mfupa huo huusugua ugwe, ilhali shingo iliyokwisha kugandishwa kabisa na mfupa unaoendelea huweza kuuacha ugwe mwembamba ukiwa mtulivu. Watafiti hao hao walikadiria kwamba, kati ya wasiokuwa na dalili za ugwe walipofika mara ya kwanza, asilimia 71 walikuwa bado hawana baada ya miaka 30. Takwimu hiyo ndiyo ninayomsomea kila anayerudi kwangu na simu mkononi akiamini atapooza kabla ya mwaka kwisha. Aliyeweka karatasi kwenye droo naye nina la kumwambia: katika utafiti huo, kila ambaye mfupa ulikuwa umejaza zaidi ya asilimia 60 ya mfereji alikuwa na dalili, iwe alisikia maumivu au la.

Kano ya manjano nitaipita kwa kifupi. Hugeuka mfupa zaidi sehemu ya chini ya kifua, hivyo mikono hubaki mizima na miguu peke yake ndiyo inayokakamaa na kufa ganzi. Kosa la kawaida ni kumpiga mgonjwa MRI ya kiuno pekee, kuona diski moja iliyochomoza kidogo, na kuishia hapo. Miguu inayokakamaa haitoki kiunoni, maana ugwe wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chanzo chake kitafutwe juu zaidi.

Sisi wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru tuna sababu ya ziada ya kuzijua kano hizi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floridi nyingi kwenye maji, na kila mtu wa Arusha anayajua meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na vijiji vya jirani. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa katika baadhi ya maeneo hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Meno ndiyo yanayoonekana, lakini anayekunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi huathirika mifupa pia: huwa mizito na meupe mno kwenye eksirei, na kano na kingo zinazoshikamana nayo hugeuka mfupa, zikiwamo kano ya nyuma na ya manjano. Kupooza kunakotokana na hali hiyo kulielezwa India ya kusini mwaka 1937 na H. E. Shortt na wenzake katika jimbo la Madras, na kumeandikwa pia kwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Wonji katika Bonde la Ufa la Ethiopia. Kwenye picha, dalili inayonisaidia ni mkono wa mbele: utando ulio kati ya mifupa miwili ya kigasha hugeuka mfupa na kuonekana kama miiba, jambo ambalo ugonjwa wa Kijapani hauna desturi nalo. Ndiyo maana mgonjwa aliyezaliwa Arumeru akija na mgongo wa namna hii, namwuliza alikunywa maji gani utotoni, na nyumbani walipikia maharage kwa magadi ya wapi, kwa kuwa magadi nayo hubeba floridi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani floridi huzidi kukolea. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji, au kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama ulivyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto.

Mjomba alikulia Tanga, na mifupa yake mingine ni ya kawaida, kwa hiyo kwake floridi iliondolewa kwenye orodha mapema. Kinachobaki ni urithi na mwili wenyewe. Ugonjwa wa kano ya nyuma hufuata ukoo. Ndugu wa mgonjwa huupata zaidi kuliko watu wengine, na mwaka 2014 watafiti wa Kijapani walichapisha sehemu sita za vinasaba zinazohusiana nao. Mwangaza mwingine ulitoka kwa panya wa maabara waliokuwa wakitembea kwa ncha za vidole. Mwaka 1998 iligundulika kwamba panya hao wana hitilafu katika kinasaba kinachosimamia utengenezaji wa pairofosfati, kemikali inayozuia madini yasijipange mahali pasipotakiwa. Kizuizi kikipungua, kano huwa mfupa. Kwa binadamu mambo yana matawi mengi zaidi ya hapo, na unene pamoja na kisukari vimo.

Hakuna dawa inayouyeyusha mfupa huu. Ninalisema wazi kwa sababu kila wiki naona matangazo ya mafuta ya kuchua na vidonge vya kusafisha kalsiamu, na kwa sababu wapo walioacha maziwa na dagaa kwa kudhani kalsiamu ya chakula ndiyo iliyowafanya hivyo, nao wanajidhoofishia mifupa iliyo mahali pake bila kuugusa ule usio mahali pake. Asiye na dalili za ugwe hufuatiliwa. Mwenye dalili zinazoongezeka hufikiriwa upasuaji, na njia ni mbili. Kutoka mbele, daktari huondoa sehemu ya pingili pamoja na mfupa ulioota au kuulegeza, kazi ngumu hasa pale utando wa ugwe nao umegeuka mfupa na kuondolewa kwake kukasababisha maji ya uti wa mgongo kuvuja. Kutoka nyuma, mfereji hupanuliwa ili ugwe urudi nyuma na kukwepa. Mbinu inayojulikana zaidi ni ile aliyoibuni Kiyoshi Hirabayashi wa Chuo Kikuu cha Keio mwaka 1977, ambapo matao ya pingili hukatwa upande mmoja na kufunguliwa mithili ya mlango bila kuondolewa. Haimfai kila mtu. Tangu mwaka 2008 madaktari wengi huchora mstari kutoka katikati ya mfereji kwenye pingili ya pili ya shingo hadi ya saba. Mfupa ukiuvuka mstari huo kwenda nyuma, kupanua peke yake hakuwezi kuupa ugwe mahali pa kukimbilia, na njia ya mbele huwa na matokeo bora. Baada ya upasuaji wowote kati ya hizo, wagonjwa wachache hupata udhaifu wa bega na kukunja kiwiko ambao kwa wengi hupona baada ya miezi, na ni vizuri kuambiwa mapema kuliko kuamka nao bila kutarajia.

Mjomba alifanyiwa kupitia nyuma. Ganzi imepungua, miguu imekuwa imara, ndala hazimvuki tena. Vidole havijarudia sindano, na daktari alikuwa amemwambia hivyo kabla ya kutia saini: upasuaji huzuia hasara isiendelee, na kinachorudi hutegemea ugwe ulibanwa kwa muda gani. Hilo la muda ndilo linalonifanya nisiwe mpole kwa kauli ya "tungoje tuone" pale mikono inapokuwa imekwisha kubadilika.

Wale ambao wameambiwa wana mfupa kwenye kano ya nyuma ya shingo, hata kama wako salama kwa sasa, waachane kabisa na kunyongwa shingo. Vinyozi wengi wa mjini humalizia kazi kwa kukamata kidevu na kukizungusha hadi shingo ilie, na wachuaji wa mitaani hufanya hivyo kwa bidii zaidi. Kwenye mfereji wenye akiba, shingo inaweza kuvumilia. Kwenye mfereji uliobakiwa na milimita chache, msukumo mmoja wa ghafla kwenda nyuma unaweza kuuponda ugwe bila pingili hata moja kuvunjika, na mtu akajikuta mikono imepooza kuliko miguu. Kuanguka kifudifudi na kugonga paji la uso huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo taa ya chooni usiku na bafu lisiloteleza ni matibabu kwao. Bodaboda ningewakataza ningekuwa na mamlaka.

Na kabla ya upasuaji wowote ule, hata wa henia au wa jicho, mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema na aonyeshwe picha, kwa sababu kumwekea mtu mpira wa kupumulia kwa kawaida hutaka kichwa kirudishwe nyuma. Akijua, anaweza kuingiza mpira huo kwa kamera bila kuilazimisha shingo. Asipoambiwa, hana njia ya kujua kwa kumtazama mgonjwa usoni.